Nilikwenda Kuvua, Nikavuliwa

Kama umeshaisikiliza ile sauti ya dakika nne inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, basi habari yangu unayo. Yule "sangara wa kilo tisini na mbili aliyevuliwa Georgia akiwa amevaa soksi" ni mimi. Shemeji aliirusha Jumamosi saa tano asubuhi ya huku, ambayo ni saa kumi na mbili jioni ya kisiwani Ukerewe, yaani saa ile ile watu wameoga, wamekaa, simu ziko mkononi na hawana la kufanya. Mpaka namaliza kutoa matope masikioni, mtu wa Nansio ambaye hatujaongea tangu 2016 alikuwa ameshanitumia pole na picha ya ndoano.

Kwa hiyo nasimulia mwenyewe. Kilichotokea sikikatai. Ninachokataa ni anavyokisimulia shemeji, kwamba eti nilikuwa sijui ninachofanya. Ndugu zangu, nilikuwa najua, na hapo ndipo panapouma. Kila kosa nililofanya Jumamosi nilikuwa nimemkataza yeye dakika arobaini kabla, kwa sauti, na kidole nimekiinua juu kama mwalimu wa nidhamu.

Tunaishi kaskazini-magharibi ya Atlanta, Georgia, hapa Marekani, na nyuma ya nyumba zetu kuna bwawa la kama ekari mbili, lile la kukusanyia maji ya mvua. Upande mmoja lina tuta, na karibu na tuta kuna mnara wa zege wa kupitishia maji yakizidi. Pale mnarani kina ni futi nane. Kwingine kote ukisimama maji yanakufika kiunoni. Ishikeni hiyo "kiunoni", tutaihitaji.

Mle kuna besi. Siyo besi ya spika, ni samaki wa kijani mwenye mdomo mkubwa, akiwa amekomaa ukimfungua taya unaingiza ngumi. Na kuna bluegili, kisamaki bapa cha ukubwa wa kiganja, ambacho ndicho kitoweo cha besi na ndicho mhalifu wa kisa hiki. Nimemtaja mapema makusudi.

Mashahidi ni wawili. Wa kwanza shemeji, kaka wa mke wangu, dereva wa malori ya masafa marefu, aliyekuwa ameegesha kwetu mwisho wa wiki. Wa pili ni mama mkwe, aliyekuja kututembelea miezi mitatu. Baba yake mama mkwe alikuwa mvuvi kisiwani, kwa hiyo usimwone amekaa kimya ukadhani haelewi. Alikaa kwenye benchi juu ya tuta, kanga mabegani kwa baridi ya Aprili, chupa ya chai pembeni. Nilipofungua sanduku alichukua chambo kimoja, akakibonyeza, akakinusa.

"Hiki ni nini, baba?"

"Chambo, mama. Samaki wa mpira."

"Samaki anakula mpira?"

"Anadanganywa, mama."

"Na akishadanganyika mnampika na nini?"

Ikabidi nimweleze kwamba sheria ya bwawa hili ukivua unaachia. Mama alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba huku watu wanalima wanafukia mavuno. Nikaona niinue heshima ya jambo kwa historia. Nikamwambia kwamba ni jimbo hili hili la Georgia, Juni 2, 1932, ambako kijana mmoja anaitwa George Perry alivua besi wa ratili 22 na wakia 4, kilo kumi na ushee, rekodi ya dunia, tena wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, na familia yake ikamla.

"Huyo ndiye alikuwa na akili," mama akasema, akajimiminia chai.

Nikaongeza, maana sijui kunyamaza, kwamba mwaka 2009 kule Ziwa Biwa, Mjapani Manabu Kurita alimpata wa ratili 22 na wakia 5, ila kanuni inataka uzidi kwa wakia mbili, kwa hiyo amewekwa sawa na marehemu Perry.

"Na huyo naye alitumia mpira?"

"Hapana, mama. Bluegili hai."

"Hai," akarudia, akafunika chupa.

Sasa darasa. Waliokuja kucheka tu wavumilie, bila darasa hamtauona uzito wa aibu.

Chambo tulichotumia ni cha inchi 3.8, mwili wa mpira laini wenye mikunjo mikunjo, na mkia wenye kisahani kama kasia. Maji yakikigonga kile kisahani, mkia unapiga kushoto kulia, na mwili unayumba kidogo kwa kuufuata. Kwa bwawa dogo inchi tatu mpaka nne zinatosha, ndio ukubwa wa bluegili wachanga. Maji yakiwa safi, chukua rangi ya kijani cha boga inayofanana nao. Lakini Ijumaa ilinyesha, na udongo wa Georgia ni mwekundu kama wa Singida, bwawa lilikuwa chai ya maziwa. Kwenye maji ya namna hiyo samaki anatafuta kwa kuhisi mtikisiko na kivuli, kwa hiyo nikachagua cheupe chenye mgongo wa kijivu, kionekane.

Ndoano ni ya saizi 4/0, ile yenye tumbo pana, ina risasi ya wakia 1/8 imebana katikati, kama gramu tatu na nusu, na kwenye jicho lake inaning'inia skrubu ndogo ya waya. Risasi inakaa tumboni ili chambo kizame kikiwa kimelala kama samaki, na kisigeuke mgongo chini. Unaanza kwa kuizungusha skrubu katikati kabisa ya pua. Ikiingia pembeni hata kidogo, samaki wako ataogelea kama mlevi na kuusokota mshipi mpaka ujute. Kisha unaulaza mwili kando ya ndoano, unaweka alama kwa ukucha pale ndoano inapopinda, unaitoboa kutoka tumboni itokee mgongoni. Halafu, shemeji, nisikilize hapa: ile ncha unairudisha ifichame chini ya ngozi ya mgongo, kama sindano ya fundi aliyoibandika kwenye kola. Iguse ngozi tu. Hapo inapita kwenye magugu bila kunasa kitu.

"Haimnasi mtu pia?" shemeji akauliza.

"Ikifichwa vizuri, haimnasi mtu."

Hilo nililisema mimi, kwa mdomo wangu. Kwenye sauti yake ameliweka mara mbili.

Kabla ya kutupa mbali unakipitisha chambo ukingoni, miguuni pako, ukiangalia. Mwendo sahihi ni ule wa polepole kabisa ambao mkia bado unapiga. Ukizidisha, mwili unaanza kubingirika. Ukitupa, acha kizame huku ukihesabu. Kwenye futi nne mimi nahesabu mpaka nne ndipo nazungusha rili, ile mashine ya kukunjia mshipi. Kikigusa magugu, inua ncha ya fimbo kidogo, kiachie, endelea. Kisipogusa chochote kutoka mwanzo mpaka mwisho, unavuta juu sana au haraka sana. Mara moja moja simamisha kidogo, au ongeza mizunguko miwili ya haraka kisha tulia, maana besi wengi hufuata nyuma bila kuamua, na badiliko hilo ndilo linalowaamulia. Na usisimame ukingoni. Rudi hatua mbili tatu, tupa sambamba na ukingo kwanza, kwa kuwa Aprili, maji yakiwa kwenye nyuzi 18 hivi, besi wako kwenye kina kifupi wakitaga na kulinda viota. Ukienda kusimama pale pale ulipo mlo wako, umewafukuza.

Kisha sheria kuu. Nilimshika shemeji bega.

"Ukisikia *tk*, usivute."

"Nisivute?"

"Usivute. Endelea kuzungusha vilevile. *Tk* ni samaki anajaribu, au ameshika mkia. Mpira ni laini, hautemi haraka kama chambo cha bati. Mpe nafasi. Ukisikia uzito, fimbo ikaanza kuinama yenyewe, ndipo unaipeleka fimbo ubavuni, siyo juu. Ukirusha juu kwa *tk* unamnyang'anya chakula mdomoni, na chambo kinakurudia usoni."

Nilisema "usoni". Kuna mahali nilikosea kidogo tu.

Bwawa lilikaa kimya dakika ishirini. Nilianza na kona, nikaja sambamba na tuta, nikafika mnarani. *Tk.* Nikazungusha kama nilivyofundisha. Hakuna. Nikatupa tena pale pale. *Tk, tk.* Nikazungusha. Hakuna. Nyuma yangu mama mkwe akamuuliza shemeji, kwa sauti ya chini ambayo ilifika vizuri sana, "Huyu huwa anapata?"

Wadau, hapo ndipo mtu mzima anapoharibika.

Kosa la kwanza: nikaifunua ncha ya ndoano. Niliitoa chini ya ngozi ikakaa wazi mgongoni, kwa hoja kwamba wanagusa kidogo mno, basi wakigusa tu wachomeke. Kosa la pili: nikaikaza breki ya rili mpaka mwisho. Breki inatakiwa iachie mshipi ukivutwa kwa kama robo ya nguvu ya mshipi wenyewe, na wangu ulikuwa wa kusuka wa ratili 40, nilioufunga moja kwa moja kwenye ndoano kwa sababu maji ni machafu na magugu ni mengi. Mshipi wa kusuka hauvutiki hata chembe. Wa nailoni unanyooka kidogo na kumeza ujinga wako. Huu unaupeleka ujinga wako kama ulivyo. Kosa la tatu: nikashuka ukingoni kabisa, kwenye ule udongo mwekundu uliolowa, nikiwa nimevaa ndala na soksi.

Na kosa la nne siyo la uvuvi. Suruali ya trak niliyovaa ilitoka kwenye mashine ya kufulia wiki iliyopita bila kamba yake kiunoni. Nilikuwa nimejiambia nitairudisha. Lastiki yenyewe ilikuwa imezeeka, ilikuwa inanishika kwa heshima tu.

Nikatupa kupita mnara. Nikahesabu. Nikaanza kuzungusha polepole, vizuri, kiasi kwamba najihurumia nikikumbuka. Chambo kikaja chote, kikapita magugu, kikafika ukingoni, zimebaki futi kama nane kati yake na ndala zangu. Nakaribia kukitoa.

*Tk.*

Nusu sekunde iliyofuata nimeshaipitia mara mia tangu Jumamosi, kwa hiyo naomba tuipite pamoja taratibu.

Mikono yangu ilipanda juu. Yote miwili, kama mtu anayechomoa ndoo kisimani. Nilihisi kitu kizito kwa muda mfupi sana, kisha hakikuwepo. Maji yakafunguka. Kikatoka kile kisamaki cheupe, kinang'aa, kina matone ubavuni, kikaruka kwa mstari ulionyooka bila kupinda. Ningependa kusema sikukiona. Nilikiona vizuri sana. Vyambo hivi vimebandikwa jicho la plastiki lenye mboni nyeusi, na lile jicho lilikuwa linaniangalia mimi. Nikawaza, ncha iko wazi. Nikawaza, macho yangu. Basi kwa akili ile ile ya kuokoa uso, nikageuka.

Nilipogeuka nikawa nimetoa mgongo na kinachofuata chini ya mgongo.

*Pah.*

Mwanzoni sikusikia maumivu. Nilisikia kofi lenye unyevunyevu, kama kupigwa na kitambaa cha kudekia, halafu kitu kikabaki pale kinaning'inia na kutikisika. Nikapapasa. Ndoano 4/0 ilikuwa imeingia kwenye kitambaa cha suruali, upande wa kulia wa makalio, na kutokea tena. Ngozi ilikwaruzwa tu. Kwa hilo nashukuru, na kwa yaliyofuata sishukuru.

Mtu mwenye busara angevua suruali nyumbani kwake akaitoa ndoano mezani kwa koleo. Mimi nikamwita shemeji. Akashuka mbio, akanikuta nazunguka kama mbwa anayetafuta mkia wake, huku mshipi ukinifunga magoti. Nikajifungua, nikampa fimbo. Yeye akaona pale chini panateleza, akarudi nayo hatua nne juu ya tuta, jambo la busara kabisa likitazamwa peke yake. Mimi nikainama ili nipitishe mkono katikati ya miguu nikaikamate ndoano kwa nyuma.

Tulieni kidogo muione picha hiyo. Mimi nimeinama, kichwa kinaelekea majini, na upande wa pili unaelekea tuta. Juu ya tuta kuna benchi. Kwenye benchi kuna mama mkwe na kikombe.

Mshipi ukakaza. Nikapiga kelele, "Legeza!"

"Nilegeze wapi?"

"Upinde! Upinde!"

Rili ile ina upinde wa waya mbele. Ukiufungua mshipi unamwagika wenyewe. Hilo nilikuwa nimemwonyesha asubuhi. Lakini shemeji ni mtu wa malori. Alichosikia yeye ni "Pinda! Pinda!", na kwa utiifu wa ajabu akaipinda. Akaiinua ile fimbo juu kama alivyoona kwenye video, magoti yamekunjwa, tumbo mbele, na kwa kuwa alisikia uzito akaanza kuzungusha rili. Breki imekazwa mpaka mwisho. Mshipi ratili 40. Fimbo ya futi saba, ngumu.

Nilisikia lastiki ikiaga.

Haikuwa haraka. Laiti ingekuwa haraka. Suruali ilitoka kiunoni ikasimama kwenye nyonga kama gari linaloomba njia, kisha ikapita. Hewa ya Aprili ikafika mahali ambapo haijawahi kufika nje ya nyumba. Na kwa wanaouliza chini yake kulikuwa na nini: kulikuwa na boksa ya bendera ya Marekani niliyoinunua kwenye punguzo la Julai 4, nyota kushoto, mistari kulia. Nyota zilikuwa upande wa benchi.

Nikajaribu kupiga hatua. Magoti yalikuwa yamefungwa na suruali, ndala zikakataa udongo, nikaenda kifudifudi. Kichwa kikaongoza. Nateleza kuelekea majini, suruali inateleza kuelekea kwa shemeji, kila mmoja na safari yake. Ilinitoka miguuni na ndala zote mbili, zikaenda juu kwa mfuatano. Soksi zikabaki. Kitu cha mwisho nilichokisikia kabla maji hayajaingia masikioni ni shemeji akishangilia:

"Nimemvua! Mama, nimemvua!"

Na sauti ya mama, ambaye kwa heshima yake alikuwa ameshageuza uso kuelekea barabarani:

"Umemvua nini?"

Kimya.

"Suruali, mama."

Maji ya nyuzi 18 kwenye simu yanasomeka kama namba nzuri. Ukiwa umeingia kwa kichwa ni habari nyingine. Nikainuka, yakanifika kiunoni, nikakumbuka hali yangu, nikachuchumaa mpaka shingoni. Nikabaki kichwa tu, kama kiboko wa Rubondo, nimezungukwa na chai ya maziwa. Shemeji amesimama juu ameishika suruali kwa ncha ya fimbo, inachuruzika. Hacheki. Angecheka ningejua la kufanya. Alikuwa ananitazama kwa mshangao wa mtu aliyevua kwa mara ya kwanza maishani.

Mama mkwe, bado ametazama barabarani, akauliza kwa utulivu:

"Na samaki yuko wapi?"

Wadau, sina jibu la hilo swali mpaka leo. Au tuseme ninalo, nitalitoa, ila linazidisha mambo.

Yaliyobaki ni mafupi. Suruali haikuvalika, ilikuwa bado na ndoano na matope. Mama akaivua kanga mabegani bila kugeuka, akamnyooshea mwanawe, mwanawe akanirushia. Nikajifunga humo humo majini. Nilipotoka ndipo nikaona jina la kanga, limenipita mbele tumboni kwa herufi kubwa: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Jirani aliyekuwa anatembeza mbwa akanipungia mkono. Nikampungia. Tukapanda nyumbani kwa mstari, mama mbele, mimi katikati, shemeji nyuma na fimbo mbili, na ninaapa hiyo sauti ya dakika nne aliianza kuirekodi njiani.

Nyumbani niliitoa ndoano. Ukinaswa kwenye kitambaa usivute kurudi nyuma, kile kijino kilicho nyuma ya ncha kinachana. Sukuma ncha itokeze mbele zaidi, kata kijino kwa koleo, ndipo uirudishe ilikotoka. Ikiwa ni kwenye nyama, na hasa karibu na jicho, kata mshipi, iache ilivyo, nenda hospitali. Tangu juzi nimeshavibana kwa koleo vijino vya ndoano zote sandukuni. Zote ishirini na sita. Mke wangu alikuwa anashikilia taa na kutazama pembeni, mabega yanamtikisika.

Nilipokisafisha chambo ndipo nikapata jibu la swali la mama. Besi akikishika, meno yake ni kama msasa, anaacha mikwaruzo midogo midogo ubavuni mwa mpira. Nikakipitisha chini ya taa mbele nyuma. Mwili ulikuwa laini, hauna alama hata moja. Lakini kile kisahani cha mkia hakikuwepo. Kimekatwa nadhifu, nusu duara, kama tundu la mashine ya kutobolea karatasi.

Bluegili. Wale wote. *Tk* ya kwanza, ya pili, na ile ya kihistoria. Vile vidomo vyao vidogo havimezi chambo cha inchi 3.8, vinanyofoa mkia tu na kuondoka. Na dalili yake ni hiyo hiyo niliyoipata: unaguswa, unazungusha, huoni uzito. Dawa ni kuhama, au kuangalia mkia kila baada ya kuguswa, kwa kuwa chambo kisicho na mkia hakiogelei, kinaburutwa. Kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba kwenye mtupo ule wa mwisho nilikuwa nakivuta kijiti cha mpira, kwa mwendo mzuri sana wa polepole, na aliyenivua suruali ni kisamaki cha wakia tatu. Shemeji kwenye sauti yake amesema alikuwa "besi wa hatari". Sijamsahihisha. Mnisaidie kunyamaza.

Jumapili asubuhi nilifua ile kanga kwa mkono, nikaianika, nikaipiga pasi, nikaikunja na kumpelekea mama kwa mikono miwili. Hakuipokea.

"Hiyo kaa nayo, baba," akasema, macho kwenye chai.

Nikarudi chumbani. Juu ya mto wangu nikakuta kipande cha pili, kimekunjwa vizuri, maana doti haivunjwi.